Kezilahabi Alihama Mara Mbili, Sisi Je?

Kabla sijamgusa Kezilahabi naomba nikiri jambo langu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Mapera, kule Mbinga. Shule ya msingi nilikuwa ndiye "mshairi" wa shule. Akija mgeni wa wilaya au padri mpya, mwalimu ananiita pembeni: haya, tengeneza ngonjera. Kazi yenyewe nilikuwa naijua kama kuchuma kahawa. Mizani kumi na sita kila mshororo, nane huku na nane huku, kina cha kati, kina cha mwisho, beti sita, na katika ubeti wa mwisho jina la mgeni limo. Makofi! Hata nilipohamia Songea niliendelea nayo: harusi, kipaimara, mahafali, niite mimi. Daftari langu lina tarbia zaidi ya mia moja. Juzi nimelifungua nikajiuliza swali ambalo ndilo limezaa makala hii: ni lipi kati ya haya niliandika huku mkono unatetemeka? Hakuna. Hata moja.

Sisemi kwamba vina ni vibaya. Nasema mimi nilikuwa nimebweteka. Nilikuwa nimekaa kijiweni pangu, nafahamu kila anayepita atasema nini, na kule kubweteka nikakuita kipaji. Nadhani wengi wetu tunaoandika humu tuko kwenye vijiwe vya namna hiyo, hata wale wasiotaka kusikia habari za vina. Ndiyo maana nataka tumtazame mtu mmoja aliyethubutu kuondoka, tuone alilipa nini, na tuone pia ni wapi alikataa kuondoka.

NYUMBA YA KWANZA

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Lugha ya kwao ni Kikerewe, kama yangu ilivyo Kimatengo. Mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, na wengi wetu tunamjua kwa hiyo: yule binti wa Zakaria aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, asiruhusiwe hata kusimama na mvulana, akaenda shule, akapotea, na mwisho akajitoa uhai. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikaja kusomwa humohumo mashuleni. Ndivyo ilivyo dunia.

Lakini kelele hasa zilikuja mwaka 1974 alipotoa Kichomi, ambayo hutajwa kuwa diwani ya kwanza ya mashairi huru kwa Kiswahili. Ili tuelewe ukubwa wa jambo hilo, lazima tukumbuke ile nyumba aliyoihama ilikuwa na wenyewe. Amri Abedi alikuwa ameshaandika Sheria za Kutunga Mashairi tangu mwaka 1954. Mathias Mnyampala alikuwa ameshatuachia ngonjera, na UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ilizieneza nchi nzima. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ngonjera ndiyo ilikuwa sauti ya siasa: shuleni, redioni, kwenye mikutano. Yaani aliyekuwa na vina alikuwa na jukwaa.

Halafu anatokea kijana wa miaka thelathini, tena wa bara, anasema ushairi unaweza kusimama bila kina na bila mizani, ukasema kwa maneno ambayo watu wa kawaida wanayatumia kila siku. Wakongwe wakawaka. Hayo si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Ni kuiga wazungu. Ni guni. Wengine wakasema watu wa bara wamekimbia vina kwa sababu vimewashinda. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi nao wakaja na Malenga wa Bara, moto ukaongezewa kuni. Mpaka mwaka 1986 Mayoka anatoa diwani yake, bado neno "mgogoro" liko juu ya jalada: Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Miaka kumi na miwili, watu bado wanagombea maana ya neno shairi!

Sasa kuna jambo ambalo sisi vijana tunalisahau tunapomsifu Kezilahabi. Mtu huyu hakuihama nyumba asiyoijua. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, mwaka 1976 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimhusu Shaaban Robert. Wakati anasutwa kwamba amewapa wakongwe mgongo, yeye alikuwa ameketi anamsoma mkongwe mkubwa kuliko wote, riwaya kwa riwaya. Anayeondoka baada ya kukagua kila chumba amehama. Wengi wetu tumeikimbia nyumba tukiwa bado mlangoni.

Na haki itendeke kwa upande wa pili. Kuna watu waliobaki ndani ya vina na hawakuwa waoga hata kidogo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? Huko jela akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo yana vina, yana mizani, yana kila kitu ambacho Amri Abedi angekitaka. Nani atamwambia Abdilatif kwamba amebweteka? Kwa hiyo tusidanganyane: kuacha vina siyo ujasiri, na kushika vina siyo uoga. Inategemea umeacha nini na kwa nini.

MAJANI YALIYOFUKIWA

Naomba nitoe mfano wa kwetu, wasomaji wa mjini wanisamehe. Milima ya Umatengo ni mikali. Mgeni akiiona kwa mara ya kwanza anashangaa watu wanalimaje pale bila udongo wote kuishia bondeni. Tunalima kwa ngoro. Mwisho wa masika nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke kidogo, halafu zinalazwa mistari kwa mistari, ikipishana, mpaka shamba zima linakuwa kama wavu wa miraba. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya zile nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa na tuta, na kwenye tuta ndipo maharage yanapopandwa, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji yanakaa shimoni badala ya kukimbia na udongo. Na zile nyasi zinaozea chini ya tuta, zinakuwa mbolea. Kwa desturi wanaume ndio wanaofyeka na kulaza nyasi, na wanawake ndio wanaochimba. Mama yangu amechimba mashimo hayo maisha yake yote.

Anayepita barabarani anaona mashimo tu. Nyasi hazioni. Lakini ondoa zile nyasi, uone tuta litadumu mvua ngapi.

Shairi huru la Kezilahabi limejengwa hivyo. Chukua "Dhamiri Yangu," lililomo katika Kichomi. Msemaji amefungwa na dhamiri yake kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti. Kamba fupi. Nyasi zilizo ndani ya duara amezimaliza, na zile za mbele anaziona lakini hazifikii. Hakuna kina hata kimoja cha kukusaidia kukumbuka, lakini ukisha kulisoma hulisahau. Kwa nini? Kwa sababu ile kamba inaanza juu na haiachiliwi mpaka chini. Kila wazo jipya linavutwa na kamba ileile. Maneno ni ya mtu yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi. Hizo ndizo nyasi zilizofukiwa: taswira moja iliyoshikwa kwa nguvu, na pumzi ya mtu anayeongea kweli.

Sasa hebu tujitazame sisi. Mashairi huru tunayotumiana siku hizi kwenye simu, na mengine yanayotumwa kwenye magazeti kama hili letu, mengi ni mlima uliofyekwa halafu ukaachwa hivyohivyo. Mstari unakatwa pale mwandishi alipochoka. Ubeti wa kwanza kuna bahari, wa pili kuna mshumaa, wa tatu kuna ndege amevunjika bawa, na hakuna anayejua bahari ilikwenda wapi. Mvua moja tu, udongo wote chini. Ukiuliza, unaambiwa "ni shairi huru, mzee." Huru kutoka wapi? Mwandishi hakuwahi kufungwa na kina, kwa hiyo hajajifungua na kitu. Amezaliwa ndani ya nyumba ambayo Kezilahabi aliijenga kwa matusi aliyotukanwa, amepewa kitanda, halafu anajiita mwanamapinduzi.

Na mimi nimo.

KUHAMA MARA YA PILI

Nilipokwisha kuisoma Kichomi nilijaribu. Bibi yangu alikuwa amefariki, tumerudi kutoka makaburini, na ile tarbia niliyoianza ikakataa. Kila nilipofika kwenye kina nilikuwa nikiweka neno ambalo bibi hakuwahi kulitamka. Nikaacha. Nikaandika tu mikono yake, jembe lake, na shimo la ngoro alilokuwa amelianza na hakulimaliza. Nililisoma Songea mbele ya watu. Mzee mmoja, mtu wa heshima, mtu aliyewahi kunisifu, akasema: "Mwanangu, hii ni taarifa ya habari." Ukumbi ukacheka. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini nyuma kabisa kulikuwa na mama mmoja anajifuta macho, na hilo ndilo lililonifanya nisilichane.

Vizuri. Mpaka hapo mimi ni shujaa, siyo? Sikilizeni kilichofuata. Vijana walilipenda. Wakaomba jingine. Nikaandika la babu. Nikaandika la shangazi. Mikono, jembe, shimo. Mikono, jembe, shimo. Baada ya mwaka mmoja rafiki yangu akaniambia bila kunionea haya: "Wewe bwana, unawazika ndugu zako wote ili upate makofi." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimehama kijiwe kimoja nikafungua kingine mtaa wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa uhamaji wa pili wa Kezilahabi, ule ambao hausemwi sana. Kufika mwaka 1979 alikuwa ameshatoa riwaya nne: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, na Gamba la Nyoka. Zote zina watu unaowajua, vijiji unavyovijua, ujamaa unaoujua na matatizo yake. Alikuwa na jina. Angeweza kuandika nyingine nne za namna hiyo na tungezinunua. Badala yake ukapita muda wa zaidi ya miaka kumi bila riwaya. Katikati hapo alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1985. Halafu mwaka 1990 ikatoka Nagona, na mwaka 1991 Mzingile.

Vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia. Lakini jamani! Nagona ina mtu asiye na jina anayetembea katika nchi iliyobomoka, wafu wanasema, wanafalsafa wa dunia wamo, wakati hauendi mbele wala haurudi nyuma. Hakuna Zakaria. Hakuna kijiji cha kushika. Mara ya kwanza nilifika katikati nikakiweka chini, nikasema huyu mzee ametutupa. Mara ya pili nilimaliza lakini nisingeweza kukusimulia. Mara ya tatu nilianza kuona kwamba anauliza jambo ambalo riwaya zake za kwanza zilikuwa zikiligusa na kuliacha: kwamba labda maneno yenyewe tuliyorithi kuhusu ukweli, dini na maendeleo ndiyo yaliyooza, kwa hiyo hadithi iliyonyooka itakuwa inadanganya hata ikisema kweli.

Je, alifanikiwa? Kama mhakiki nitatoa maoni yangu wazi. Sidhani kwamba amefanikiwa mahali pote. Kuna kurasa za Nagona ambapo naona msomi anaongea na wasomi wenzake, na yule mtu wa kawaida ambaye Kichomi ilimfungulia mlango amebaki nje anagonga. Hiyo ni gharama kubwa, na tusiifunike kwa heshima. Anayependa Rosa Mistika ana haki ya kulalamika. Lakini nauheshimu uhamaji huo kuliko ule wa mwaka 1974. Mara ya kwanza alihama nyumba ya watu wengine, na kuna raha fulani katika kugombana na wazee, sote tunaijua. Mara ya pili alihama nyumba yake mwenyewe, iliyojaa wageni waliokuja kumpongeza. Hakukuwa na mgogoro wa kumpa joto. Wengi walinyamaza tu, wakarudi kwenye vile vitabu vya zamani.

Makofi ndiyo kamba ngumu kukata. Nawaambia mimi niliyeyala.

KAMBA IPI?

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumetoa somo la ovyo: kata kila kamba, vunja kila kitu, wewe ni jasiri. Turudi kwa yule mbuzi. Tusisahau kamba ile imefungwa na nani. Ni dhamiri. Mti aliofungiwa ni utu. Kezilahabi, mtu aliyekata kamba ya vina na baadaye kamba ya riwaya yake mwenyewe, ndiye huyohuyo aliyeandika shairi la mtu asiyeweza kujifungua, na hakutuambia kwamba jibu ni kisu. Anaumia na kamba, anaivuta, lakini anajua imefungwa wapi. Ukisoma kazi zake zote, kuanzia msiba wa Rosa mpaka diwani ya mwisho, Dhifa ya mwaka 2008, utaona alibadili kila kitu isipokuwa hicho. Alifariki Januari 2020, na kamba hiyo haikukatika.

Kwa hiyo mwandishi ana kamba mbili shingoni, na kwa mbali zinafanana. Moja ni ya mazoea. Nyingine ni ya dhamiri. Ujasiri wote uko katika kuzipapasa gizani ujue ipi ni ipi.

Nitasema langu nimalize. Kwetu Mbinga kuna kitu kinaitwa magoma. Mkulima amekwama, mtoto anadaiwa ada, au kuna mgonjwa. Kahawa bado iko mtini. Anamfuata mwenye fedha, anapewa leo, na msimu ukifika analipa kwa kahawa, kwa bei waliyokubaliana wakati wa shida. Bei gani? Unajua mwenyewe bei ya mtu mwenye shida. Viongozi wamekuwa wakipiga marufuku, mikutano imeitwishwa, lakini shida haijui marufuku. Mimi nimesoma kwa kahawa ya magoma. Baba alikuwa akiuza ikiwa bado ua. Na mnunuzi hakuwa mgeni kutoka mbali. Alikuwa baba yangu mdogo, tunasali naye, na alipofariki bibi ndiye aliyelipia jeneza.

Hilo ndilo shairi ambalo sijaandika. Nimeandika mia moja na zaidi za wageni wa wilaya, nimeandika za mikono na jembe, nimezunguka duara lote mpaka nyasi zimekwisha. Zile zilizo mbele naziona. Kila nikishika kalamu najiambia ninamheshimu baba mdogo, siyo vizuri kumuanika mtu wa ukoo. Hii ni kamba ya dhamiri? Au ni uoga umevaa kanzu ya heshima? Kwa miaka miwili nilisema ni heshima. Nilipoisoma Rosa Mistika tena, nikaona Namagondo imeandikwa mle kwa jina lake, kijiji alichozaliwa mwandishi, na watu wa kule walikuwa na macho ya kusoma. Hakuhamisha hadithi yake Dar es Salaam ili apate usingizi.

Nimeshaanza. Mishororo minane tu mpaka sasa, na nitawashangaza: ina vina. Ilipokuja, ilikuja nane kwa nane, kama ngonjera ya mgeni wa wilaya, isipokuwa safari hii mgeni ni baba mdogo na jina lake halimo katika ubeti wa mwisho. Wakati wa kuandika mkono ulitetemeka. Nikaliacha kama lilivyo.

Siwezi kuwaambia kama ni zuri. Likikamilika sitalileta gazetini kwanza, wala sitalisoma Songea ambako watu watapiga makofi bila kumjua mtu. Nitapanda gari la Mbinga, niende Mapera, nimsomee baba mdogo mwenyewe, tukiwa wawili. Akinifukuza nitajua nimekata kamba ipi.

Na wewe mwenzangu unayesoma hapa, usiniandikie kunisifu. Fungua daftari lako utafute lile ambalo mkono ulitetemeka. Kama halimo, unajua pa kuanzia.